Mwaka Tulipolilia Bamia

Mwalimu Kihwele hapigi simu ila ana la kulalamikia. Kwa miaka yote niliyomjua amenipigia kulalamikia umeme, miwani, wajukuu wasiojua jedwali la kuzidisha, na mara moja kuilalamikia simu yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona jina lake nilipokea huku naendelea kufagia baraza, maana hapa kwetu Wazo ukiacha kufagia siku moja tu, vumbi la saruji linachukulia kwamba umehama. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema. Hakuitikia. Akasema, "Tekla kaniwahi. Tulikubaliana naanza mie, ili yeye anilie. Mie si mkubwa kwake kwa miaka sita? Kaniwahi hivi hivi, bila kuaga. Wangoni hawanaga utaratibu." Kisha akakata. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na gauni langu la kazini, nikalia mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeanguka.

Bibi Tekla alikuwa Mngoni, Mwalimu ni Mhehe, na kwa hiyo walikuwa watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri wajukuu watukanane bila kukasirika. Kati ya watani hakuna kesi. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula ulichomwekea mumeo, akakusema vibaya mbele ya wakwe, na ukifa akaja msibani amevaa nguo zako na kuigiza unavyotembea. Huna pa kumshtaki. Nimewaona watu wengi wakitaniana, lakini hawa wawili walifanya kama kazi ya kuajiriwa, kila siku, na sikukuu pia. Katika mwaka wangu wa kwanza Dar, kule Yombo, niliuona utani huo ukishindwa mara moja tu, na mara hiyo moja nusura tupoteze bustani, na Bibi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimefeli kidato cha nne kwa kiwango ambacho Shangazi alikitaja kwa kunong'ona. Chumba alichopanga Shangazi, nilikoletwa kukaa, kilikuwa na kitanda, mume, watoto watatu na cherehani, kwa hiyo wiki ya kwanza nililala chini ya cherehani, na wiki ya pili nikahamishiwa ng'ambo ya ukumbi, kwa mpangaji aliyekuwa anaishi peke yake. Huyo ndiye Bibi Tekla. Mwanawe alimleta mjini amlelee watoto. Watoto wakakua, mwana akahamishiwa Tabora kikazi, Bibi akabaki na chumba. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba zote nilizokaa baadaye. Kitanda cha chuma kilichoinuliwa kwa matofali. Picha ya Bikira Maria. Kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakutaka kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji. Nyuma ya mlango, jembe limevishwa kanga, limesimama kwa heshima zake. Na chini ya kitanda kulikuwa na begi la shangazi kaja, yale ya plastiki yenye miraba, limejaa na limefungwa zipu. Kila asubuhi nilikuwa naligonga kwa kidole gumba cha mguu.

"Bibi, hili begi la nini?"

"La kuondokea."

"Kwenda wapi?"

"Songea. Nasubiri nichoke tu." Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Mtu akikaa bila kulima anaoza, mwanangu. Anaanzia miguuni."

Jioni tulikula ugali na dagaa, na mchicha wa sokoni ambao Bibi alikuwa anaunusa fungu kwa fungu kabla ya kuuosha. "Huu umenyweshwa maji ya mtaro," alikuwa akisema, kisha anaula huku ananiangalia kuona kama nitakufa mimi kwanza. Jumapili moja baada ya misa, wakati ananisuka, alinieleza habari ya mumewe. Alifia Songea miaka minne nyuma, Bibi akiwa huku Dar. Alipanda basi siku ile ile, lakini mvua ilikuwa imechukua daraja, wakakaa njiani siku tatu wakitazama maji. Alipofika alikuta kaburi limeshaanza kupasuka kwa jua. "Sikumtupia hata konzi moja ya udongo," akasema, kisha akanipiga kitana kichwani, nitulie.

Mkabala na nyumba yetu kulikuwa na kiwanja ambacho mtu alijenga msingi, akafika magotini, akaacha. Ilisemekana mwenyewe yuko Ulaya. Dar kila kiwanja kisichoeleweka mwenyewe yuko Ulaya. Mtaa mzima ulikuwa unatupa takataka pale. Bibi Tekla alikuwa anakiangalia kiwanja kile kutoka dirishani namna watu wengine wanavyoangalia nyama buchani, na siku moja akalivua jembe kanga yake, akaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Rwegasira, kuomba. Mzee Rwegasira alikuwa mtu wa Bukoba, karani mstaafu, aliyeamini kwamba jambo lisilo na fomu halijatokea. Alifikiri sana. "Limeni," akasema hatimaye, "ila cha muda mfupi tu. Mboga ruksa. Mti marufuku. Mnazi ni shahidi mahakamani."

Tulianza wanne. Bibi Tekla. Mwalimu Kihwele wa nyumba ya tatu, aliyestaafu mwaka ule na ambaye mkewe alimsihi Bibi amchukue, maana alikuwa anashinda nyumbani akisahihisha mapishi. Mama Zuhura, Mzaramo, muuza vitumbua, aliyekuja kwa sababu hawezi kuona watu wanne wamekusanyika bila yeye kuwa wa tano, na kwa vile tulikuwa watatu akawa wa nne. Na mimi, mwanachama pekee aliyejitolea kwa kulazimishwa na shangazi yake. Sheria aliiweka Bibi: mboga haziuzwi. Aliyelima anachukua fungu lake, na zinazobaki zinapelekwa kwenye nyumba yenye mgonjwa au mzazi aliyejifungua. "Mjini mgonjwa anapelekewa soda," Bibi alikuwa akisema, na neno soda alilitamka kwa huzuni kubwa.

Tuliondoa takataka kwa wiki tatu. Tulikuta mlango mzima na kitasa chake, na kandambili saba, zote za mguu wa kushoto. Samadi tuliifuata Buza kwa mtu mwenye ng'ombe, tukaibeba kichwani kwenye viroba, na mimi niliyekuwa na ndoto ya kufanya kazi ofisini nilipita mbele ya vijana wa kijiweni nikinuka zizi. Leo nina kazi hiyo ya ofisini, karani wa masjala, na sebuleni kwangu nina maua ya plastiki. Bibi Tekla alipokuja kunitembelea mara ya mwisho aliyamwagia maji kwa dharau. Lakini wakati ule nililima, na nikawa najua matembele yanapandwaje na mchicha unaatikwaje, na nilijifunza yote hayo katikati ya matusi.

"Mtani, tuta lako limepinda," Mwalimu alikuwa akisema, amesimama na fimbo ambayo hakuihitaji bado.

"Nimelipinda makusudi. Mhehe akikimbia vita ajikwae."

"Mhehe hakimbii."

"Ndiyo maana mmekwisha."

Na wote wawili wanaendelea kupalilia, wamefurahi.

Shida ilikuwa watu. Kila asubuhi tulikuta wametumwagia jivu, maganda, nepi, juu kabisa ya miche. Hatukuwahi kumwona mtu. Taka Dar hazina mwenyewe. Mwalimu aliandika kibao kizuri, USITUPE TAKA HAPA, kwa mwandiko wa ubaoni. Siku ya kwanza walitupa taka juu ya kibao. Siku ya pili wakakiiba kibao. Wiki iliyofuata nikakiona kwa mama muuza supu, amefunikia sufuria. Bibi Tekla akaanza tena kuliangalia lile begi, na jioni moja nikamkuta amelivuta nje ya uvungu, analifuta vumbi. Sikuuliza. Nilishakuwa najua kwamba siku bustani ikifa, Bibi anapanda basi, na kusema kweli haikuwa habari ya kurudi chini ya cherehani iliyonitia hofu. Katika nyumba ile alikuwa mtu pekee ambaye hakunichukulia kama matokeo ya mtihani.

Ndipo likaja tuta la bamia. Bibi alilichonga kwa namna ya kwao, refu la kulala mtu mzima, limeinuka, kando zimenyooka. Alilifunika makuti na miiba, kuzuia kuku. Mwalimu naye, ambaye alikuwa msimamizi wa shamba la shule kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba kila tuta liwe na jina la zao na tarehe ya kupandwa. Rangi ilikuwa imebaki kidogo koponi, kwa hiyo aliandika herufi ndogo sana. Mbao zilikuwa mbili; moja akaisimamisha kichwani mwa tuta, nyingine akaipigilia kwa kuikingamisha. Akarudi nyuma, akaangalia kazi yake, akaridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama barabarani kuangalia tulichofanya.

Asubuhi yake hapakuwa na taka. Hata ganda la ndizi. Nikiwa dirishani nilimwona mtu anakuja na toroli limejaa uchafu; akafika kwenye kona ya kiwanja, akasimama, akavua kofia, akageuza toroli taratibu akaondoka nalo. Saa mbili Mama Zuhura akaingia mbio, mkono bado una unga. "Nyie! Mmezika nani? Huko kwa muuza supu wanaulizana!"

Tulicheka mpaka Mwalimu akakaa chini. Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Bibi Tekla. "Hakuna kusahihisha," akasema. Upande ule wa mji wenye maeneo yao bado walikuwa wanazika uani, kwa hiyo kaburi halikuwa jambo la ajabu. Na sisi hatukusema uongo hata mara moja. Tulinyamaza tu, na uswahilini ukinyamaza wenzako wanakumalizia sentensi.

Mchicha ulistawi kwa amani ya ajabu, na hata bamia zilipochanua na kuzaa, mtaani walizichukulia maua ya kaburi. Ulipofika wa kuchuma, Bibi alinijazia beseni, nikaanza kupita. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanahawa, ambaye mkwewe alikuwa amejifungua wiki ile. Alinipokea mlangoni kwa tabasamu, akaangalia beseni, tabasamu likaondoka. "Hiyo si ya pale penye kaburi? Rudisha, mwanangu. Mwambie bibi yako ahsante, ila sie hatuli mboga za marehemu." Nilitoka nyumbani na beseni limejaa, nikarudi na beseni limejaa na pole mbili. Hata Shangazi, ambaye alikuwa anajua kila kitu, alikataa. "Najua ni bamia," akasema, "lakini watu wanajua ni kaburi." Sisi wanne tulikula mchicha asubuhi, mchana na jioni kwa siku tano, na uliobaki ukaoza.

Kwa hiyo tulikuwa tumekwama. Tukisema kweli, jivu linarudi. Tukinyamaza, tunalima mboga za kuoza. Katika siku hizo za kukwama ndipo nilipofanya kosa langu. Mwalimu alikuwa na kawaida ya kumtania Bibi kuhusu mumewe, kwamba alikufa ili apumzike, na mimi nikaona vibaya, nikijua ninachojua. Tukiwa tunang'oa magugu wawili nikamnong'oneza habari yote, daraja, siku tatu, udongo uliopasuka. Nilidhani atapunguza utani. Sikumwambia kuwa ni siri, na Mwalimu Kihwele kwa maisha yake yote ameamini kwamba kitu kisichoandikwa SIRI si siri.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Mzee Rwegasira akaja, daftari kwapani. Alitusalimia mmoja mmoja, akaulizia afya zetu, kisha akaligeukia tuta la bamia akavua kofia.

"Nimepata malalamiko," akasema. "Watu wamezika kwenye kiwanja cha mwenzao, bila kibali, bila taarifa. Marehemu ni nani?"

Nilimwangalia Bibi, Bibi aliangalia ndoo. Mama Zuhura akakumbuka ghafla kwamba ana vitumbua motoni. Aliyeinuka ni Mwalimu. Akapangusa mikono, akaweka ile sura aliyotishia nayo darasa la nne kwa miaka thelathini.

"Ni mume wa huyu mama," akasema. "Alifia Songea. Wangoni kwa haraka zao wakamzika bila kumngoja mkewe, yeye akakuta kaburi limeshakauka. Sasa kaamua kumzika upya. Kazika koti lake na kofia, ili apate mtu wa kugombana naye karibu."

Mzee Rwegasira alifungua daftari, akalifunga. "Koti?"

"Na kofia."

"Bila mwili?"

"Mwili uko Songea, unapumzika."

Mjumbe akajikuna kichwa kwa muda. "Kwa koti," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeteseka, "kwa koti sidhani kama kuna fomu." Akatoa pole kwa Bibi, akaondoka kinyumenyume.

Nilisubiri jibu la Bibi. Kwa kawaida lilikuwa linatoka kabla Mwalimu hajafunga mdomo. Safari hii halikutoka. Aliweka ndoo chini polepole, akageuka, na hakumwangalia Mwalimu. Aliniangalia mimi. Kisha akavuka barabara, akaingia ndani.

Nilimkuta anakunja chandarua. Begi lilikuwa juu ya kitanda.

"Bibi, nisamehe."

"Nilikuambia wewe. Sikukuambia upeleke." Hakuwa amekasirika, ningependelea akasirike. "Leo Ijumaa. Kesho nakwenda kukata tiketi, Jumatatu nasafiri. Jembe nitakuachia wewe. Kule yapo mengine."

Jioni Mwalimu alikuja akasimama mlangoni, akaita, "Mtani." Kimya. "Mtani, Mngoni gani anakimbia kabla ya vita?" Kimya. Akasubiri kidogo, akaondoka, na nilipofungua mlango nikakuta ameacha papai kizingitini. Papai zima, na bila tusi. Hapo ndipo nilipojua kuwa hata yeye ameogopa.

Lakini Mzee Rwegasira alikuwa na mke, na mke alikuwa na majirani. Asubuhi ya Jumamosi nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta mikeka imetandikwa ukumbini mwetu na wanawake kama kumi na watano wamekaa, kanga viunoni, na uani sufuria la wali liko juu ya mawe matatu. Nje, wanaume walikuwa wameshapanga mabenchi. Aliyekuwa anaongoza kilio ni Mama Zuhura. Alikuwa analia kwa sauti ya kusikika mpaka Buza, "Baba weee, umetuachia nani!" Nikachuchumaa nikamnong'oneza, "Mama Zuhura, si unajua pale pana bamia? Ulizipanda mwenyewe!"

Akanyamaza, akapangusa pua. "Najua. Kwani huyo mume hakufa? Alikufa. Kuna mtu huku mjini alimpa pole mwenzetu? Hakuna. Sie Wazaramo hatupitwagi na msiba, hata kama umechelewa miaka minne." Akarudia pale pale alipoachia.

Mlango ukafunguka, Bibi Tekla akatoka, kavaa viatu vya safari, kashika mkoba wa kwendea kukata tiketi. Begi alikuwa ameliburuta mpaka mlangoni, sijui kwa nini, labda kujihakikishia. Akawaona. Nakumbuka alirudi nyuma hatua moja. Bi Mwanahawa, yule yule aliyerudisha mchicha, ndiye aliyeinuka, akamshika mkono, akalisukuma begi kwa mguu likarudi ndani, akamketisha mkekani katikati. "Pole, mwenzetu," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Bibi aliuweka mkoba mapajani. "Alfonsi," akasema. "Alikuwa mrefu. Hajui kuimba, na anaimba." Kisha akaanza kulia. Simaanishi kilio cha msibani chenye maneno. Alilia kidogo kidogo, mabega yanatikisika, na wanawake wakamsogelea, na Shangazi akatoka kwenye cherehani akaja akalia, na mimi nikalia kwa sababu ya siri niliyoitoa, na nje hata mabenchi yakanyamaza.

Tulipotulia, wali ukaanza kupakuliwa. Bibi akainua mkono. "Kabla hamjala," akasema, "mume wangu alikufa kweli, na mlichonifanyia leo sitakisahau. Lakini pale kiwanjani hakuna koti. Wala hakuna kofia. Pale kuna bamia."

Mwiko ulibaki hewani.

"Tumelilia bamia?" akauliza Bi Mwanahawa.

Kabla mtu hajamjibu, Mwalimu Kihwele, aliyekuwa benchi la karibu na dirisha, akaingia katikati ya wanawake. Njiani alikuwa ameokota kanga ya mtu kambani, akajitanda kichwani. Akapiga magoti mbele ya Bibi. "Kosa langu," akasema. "Huyu ni mtani wangu. Kaburi nililijenga mie, koti nililitunga mie. Mhehe akimzulia Mngoni hiyo ni haki yake toka enzi, lakini nimewaliza watu ambao si watani zangu. Nitozeni." Halafu akashusha sauti, nikamsikia kwa sababu nilikuwa nimekaa mgongoni kwa Bibi: "Tekla, sikujua panauma."

Bibi alimwangalia kuanzia kanga mpaka magoti. Alikuwa na kamasi, na macho mekundu. "Kanga imekupendeza," akasema. "Ungezaliwa Songea ungepata mume."

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kiliwafukuza kuku wa mtaa. Faini ilitajwa na Mama Zuhura papo hapo: Mwalimu akachume bamia zile mwenyewe, azipike mwenyewe, aonje wa kwanza mbele ya watu. Hakuwa amewahi kupika chochote maishani mwake. Alizikata mapande makubwa kama chaki, akatia magadi mengi, mlenda ukafura ukamwagikia mafigani, mkewe akawa anamtazama kwa raha ambayo hakujisumbua kuificha. Alikula. Hakufa. Bi Mwanahawa akachovya tonge, akatafuna macho ameyafumba, sote tukimsubiri. "Hazina ladha ya marehemu," akatangaza. "Zinataka ndimu." Na sufuria likaisha.

Jumatatu basi la Songea liliondoka bila Bibi. Aliniita asubuhi, nikadhani ananituma. "Kaa chini," akasema, "nywele zimekuwa kichaka." Alinisuka, akavuta kwa nguvu kuliko kawaida, nikajua nimesamehewa. Kuhusu taka, wiki ile ile mtu alikuja na ndoo ya jivu, na kabla hajaimwaga Bi Mwanahawa alimpigia kelele kutoka dirishani kwake, "Wee! Sie tumelia hapo!" Sikuwahi kuona tena jivu kwenye miche. Msalaba uliachwa, ila Mwalimu alitafuta rangi akaandika BAMIA kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Miaka kadhaa mbele mwenye kiwanja alikuja, hakutoka Ulaya, alitoka Mwanza, akajenga nyumba yake, na Bibi akahamishia jembe nyuma ya kanisa. Lile begi la shangazi kaja alilitoa vitu vyote akanipa mimi, siku nilipokwenda chuo cha uhazili. "La kuondokea," akasema. Ninalo mpaka leo.

Msibani kwa Bibi, Mwalimu alifika amevaa kanga yake marehemu na viatu vyake vya mpira, akapita katikati ya turubai akipalilia hewa, kiuno kimeinama vile vile, na wanawake walicheka huku wanalia, na vijana walimrekodi kwa simu. Makaburini akaketi ukingoni akasema hazikwi mtu mpaka apewe jembe la marehemu. Likaletwa. Udongo ulipojaa akakataa wasiumalizie vijana. Mzee wa miaka themanini na sita, anayetetemeka, alizichonga zile kando mpaka zikanyooka, akasawazisha juu, akazungushia mfereji mdogo wa kushika maji. "Hili halijapinda, mtani," akasema. Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya kanga, akatoa mbegu, akazifukia moja moja kwa kidole. Padri aliangalia pembeni.

Masika ilikuwa imeanza. Baada ya miezi miwili nilikwenda na kikapu, nikazikuta zimechanua, zimezaa, laini za kuvunjika kwa kidole. Mtu aliyekuwa anafyeka kaburi la jirani aliniuliza, "Dada, hizo unachuma?" Nikamwambia nachuma. Akasogea mbali kidogo. Nilizipika nyumbani, nikazitia ndimu, nikazipeleka Yombo kwenye hotpoti. Mwalimu haoni vizuri sasa. Alinawa, akamega ugali, akachovya.

"Bamia laini hivi umenunua wapi?"

"Sijanunua, Mwalimu."

"Umelima? Wewe wa maua ya plastiki?"

"Nimezichuma kwa Bibi Tekla."

Mkono wenye tonge ulisimama. Aliinamisha uso juu ya bakuli, muda mrefu, nikafikiri nimekosea tena, nimepeleka tena kisichotakiwa kupelekwa. Kisha akalitia tonge mdomoni, akatafuna polepole mpaka likaisha.

"Ukienda tena," akasema, "mwambie hazina chumvi." Na akanisogezea bakuli nimwongezee.